Likizo kwa Begi Moja la Mkononi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Kigoma

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo watu wa Kigoma, Ujiji na Mwandiga huniuliza kila shule zinapokaribia kufungwa, hasa Juni na Desemba, wanapokuja kukata tiketi za kwenda Dar es Salaam, Zanzibar au Arusha. Nimeyapanga kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mmoja mmoja. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Mzigo wa mkononi ni upi hasa, na mwisho wake ni kiasi gani?

Ni begi unaloingia nalo ndani ya ndege na kuliweka katika kabati la juu ya viti, tofauti na lile linalokabidhiwa kaunta na kwenda kukaa tumboni mwa ndege. Mashirika mengi humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7, na vipimo vinavyozunguka sentimita 55 kwa 40 kwa 20, ingawa yapo yanayoongeza kilo au sentimita chache. Kinachotawala ni kile kilichoandikwa kwenye tiketi yako, si kile alichoruhusiwa jirani yako mwaka jana. Kumbuka pia kwamba vipimo hivyo huhesabu magurudumu, mishikio na mifuko ya nje iliyovimba.

Pamoja na begi hilo, kwa kawaida unaruhusiwa kitu kimoja kidogo cha kukaa chini ya kiti cha mbele yako, kama vile mkoba au begi la kompyuta mpakato. Ndege za mapangaboi, ambazo hutumika sana kwenye safari za mikoani, zina makabati madogo kuliko ndege kubwa, kwa hiyo begi gumu lililoingia vizuri katika ndege ya kwenda ng'ambo linaweza kukataa kabisa kuingia katika ndege ya Kigoma.

2. Ikiwa tiketi yangu inaruhusu begi kubwa la chini, kwa nini nijibane?

Hulazimiki. Anayekwenda harusini na sare za kamati nzima, au mama mwenye watoto watatu, achukue begi kubwa bila kujilaumu. Lakini msafiri wa likizo ya siku chache anayeshuka Dar es Salaam, akapanda bajaji hadi bandarini, akavuka kwa boti hadi Unguja na huko akapanda daladala ya kwenda Paje, atalibeba begi lake kwa mikono yake mara zisizopungua nne kabla hajaiona bahari ya kuogelea. Katika safari ya namna hiyo, kila kilo anaijua kwa jina.

Sababu nyingine ni kwamba begi lililo mkononi halipotei wakati wa kubadilisha ndege, na mwenye nalo hasimami kusubiri mizigo itolewe.

3. Ninunue begi la magurudumu au la mgongoni?

Kwa barabara zetu na kwa kikomo cha kilo 7, mimi napendelea la mgongoni, la kitambaa, lisilo na fremu ya chuma. Sanduku gumu la magurudumu, hata lile dogo, mara nyingi huwa na uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu likiwa tupu. Maana yake karibu nusu ya ruhusa yako imekwisha kabla hujaweka hata soksi. Begi jepesi la mgongoni huwa chini ya kilo moja. Tena magurudumu madogo hayana kazi kwenye mchanga wa Nungwi wala kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe.

Mwenye matatizo ya mgongo au mabega na atumie magurudumu, ila achague sanduku la kitambaa badala ya gumu. Shangazi kaja, pamoja na sifa zake zote katika safari za basi, haifai hapa: haina umbo, hukatika mishikio, na mhudumu wa kaunta akiiona tu huiomba ipande mizani.

4. Nitapimaje uzito nikiwa nyumbani?

Kama una mizani ya kupimia uzito wa mwili, simama juu yake ukiwa mtupu wa mikono, soma namba, kisha simama tena ukiwa umelikumbatia begi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa begi. Zipo pia mizani ndogo za kuning'iniza ambazo huuzwa madukani. Usiyekuwa na chochote, mwombe mwenye duka la nafaka akupimie, na atakupimia kwa furaha.

Ninaongeza tahadhari moja. Jirani yangu aliwahi kupeleka begi lake jipya kupimwa kwenye mizani ya dagaa pale Kibirizi, akapata uzito sahihi kabisa, na harufu iliyomfuata hadi mwisho wa likizo.

Fanya upimaji huo siku mbili kabla ya safari, si asubuhi ya safari, ili upate muda wa kutoa vitu kwa akili iliyotulia.

## Nguo na viatu

5. Kwa siku saba, nichukue nguo ngapi?

Nguo za siku nne. Ukienda siku kumi, bado ni nguo za siku nne, kwa sababu baada ya hapo unafua (tazama swali la 10). Kwa watu wengi hesabu inayokaa sawa ni mashati au blauzi nne, suruali au sketi mbili, nguo za ndani tano, kitu kimoja cha kujifunika wakati wa baridi, na kanga au kikoi. Seti moja ya hizo unaivaa safarini, na iwe ile nzito kuliko zote.

Nilikaa jioni moja na mizani ya jikoni nikapima vitu vyangu. Suruali ya jinzi ilikuwa gramu 700, suruali ya kitambaa chepesi gramu 400, shati gramu 200, kanga moja kama gramu 210, ndala gramu 350, taulo kubwa la kuogea zaidi ya gramu 600. Begi tupu lilikuwa gramu 900. Nilipoweka mashati matatu, suruali moja nyepesi, nguo za ndani, kanga, ndala, mfuko wa vitu vya kuogea, chaja na pawabenki, pamoja na kitabu kimoja, jumla ilikuwa kilo 4 na ushee. Zilibaki karibu kilo 3 za kuchezea. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba nguo ndizo zinazojaza mabegi yetu. Yanajazwa na zawadi, na yanajazwa na neno "labda": labda kutakuwa na sherehe, labda nitaalikwa mahali, labda mvua. Kitu kilichoingia begini kwa tiketi ya "labda" ndicho cha kwanza kutolewa.

Chagua rangi zinazooana zote kwa zote, ili kila shati livalike na kila suruali. Anayechukua blauzi ya njano inayooana na sketi moja tu amechukua vazi moja lenye uzito wa mawili.

6. Ni bora kukunja au kuviringisha?

Kuviringisha kunafaa kwa fulana, suruali nyepesi, madera, nguo za ndani na nguo za watoto. Mashati ya pamba yaliyonyooshwa, kanzu na suti hukunjwa bapa na kuwekwa juu kabisa. Ila lazima niseme wazi, kwa kuwa watu wengi hudanganyika hapa: kuviringisha hupunguza nafasi, hakupunguzi uzito hata gramu moja. Vivyo hivyo mifuko ya kubana hewa. Begi lililobanwa sana huonekana dogo, mwenyewe akaliongeza vitu, na mizani ikamuumbua.

Namna ninayoitumia kwa fulana ni hii. Ilaze kifudifudi kitandani, isawazishe kwa viganja hadi mikunjo iishe, kisha upindo wa chini ugeuze nje kwa upana wa kiganja kimoja. Ingiza mikono ndani, kunja fulana mara mbili kwa urefu, anza kuviringisha kutoka kolani huku ukibana, na ukifika chini, ule upindo ulioachwa nje ugeuze uumeze mviringo wote. Hapo fulana haifunguki hata ukiirusha ukutani. Ipange mikunjo hiyo ikiwa imesimama, kama chupa kwenye kreti, nawe utaona kila nguo bila kuchimbua.

7. Kanga ina kazi gani katika likizo ya ufukweni?

Ingekuwa swali la mgeni ningeshangaa kidogo, lakini vijana wa siku hizi nao huuliza. Kanga moja ni taulo linalokauka haraka, ni shuka la kujifunika ndani ya basi lenye baridi ya kiyoyozi, ni mtandio, ni vazi la kutokea baharini, ni mbeleko, ni pazia la dirishani katika chumba cha wageni ambacho jua la saa kumi na mbili linaingia moja kwa moja. Ukichukua kanga moja na kuliacha taulo nyumbani, umeokoa karibu gramu 400 kwa mujibu wa vipimo vya swali la 5. Wanaume wana kikoi au msuli kwa kazi hizo hizo.

Kitenge ni kizito zaidi na hukauka polepole. Kibebe kama vazi, si kama taulo.

8. Viatu vingapi?

Jozi mbili: raba au viatu vya kufunika unavyovivaa safarini, na ndala au makubazi ndani ya begi. Jozi ya tatu ndiyo inayoharibu hesabu. Uwazi wa kiatu kilicho begini usiachwe bure. Hapo ndipo pa soksi, chaja, au kichupa cha mafuta kilichofungwa vizuri. Nyayo zielekee ukutani mwa begi na zifunikwe kwa mfuko wa kitambaa.

9. Tumezoea joto la ziwani. Je, kwa anayekwenda Lushoto, Arusha au Mbeya?

Kati ya Juni na Agosti sehemu hizo ni za baridi, na Mbeya baridi yake si ya mchezo. Lakini huhitaji koti zito. Fulana, juu yake shati la mikono mirefu, juu yake sweta, na juu ya vyote kizuia upepo chepesi, vinatunza joto kuliko koti moja nene, na kila kimoja kinavalika peke yake mchana jua linapotoka. Sweta livae siku ya safari, kwani nguo iliyo mwilini haipandi mizani.

Anayekwenda Zanzibar ana suala jingine, la stara. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Katika Mji Mkongwe na vijijini, mabega na magoti yafunikwe. Kanga ya swali la 7 inamaliza shughuli hiyo.

10. Nitafuaje nikiwa hotelini au kwa ndugu?

Chukua kipande cha sabuni ya mche chenye ukubwa wa kiberiti. Fua jioni, kamua, kisha tandaza nguo juu ya kanga kavu, viringisha vyote pamoja na ukandamize kwa goti; kanga hunywa maji yaliyobaki, na nguo nyepesi huwa kavu asubuhi. Jinzi haitakauka, hasa kwenye hewa ya unyevu ya pwani, ndiyo sababu nyingine ya kuiacha nyumbani au kuivaa moja tu. Kwa ndugu, usisite kuomba beseni.

## Vimiminika, dawa na vifaa vya umeme

11. Losheni, manukato na dawa ya meno vinaruhusiwa?

Katika safari za kimataifa, kanuni iliyoenea ni kwamba kila kimiminika, krimu au jeli iwe katika chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote vienee katika mfuko mmoja angavu wa lita moja unaofungika. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo, si kilichomo: chupa ya mililita 250 iliyobaki losheni ya kidole kimoja itachukuliwa. Kanuni hii ilianza mwaka 2006, baada ya kugunduliwa nchini Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vimiminika. Baadhi ya viwanja duniani vimeanza kuilegeza kutokana na mashine mpya za ukaguzi, lakini mwenye kupita viwanja viwili au vitatu atakikuta angalau kimoja kinachoishikilia. Katika safari za ndani ukaguzi unaweza kuwa tofauti, nami nashauri ufungashe kana kwamba kanuni ni ile ile, kwa kuwa vichupa vidogo ni vyepesi vyovyote iwavyo.

Dawa ya meno ni jeli. Mafuta ya nazi nayo huhesabiwa hata yakiwa yameganda. Njia nyepesi ya kukwepa yote ni kubeba vitu vikavu: sabuni ya kipande badala ya sabuni ya maji. Mafuta mazito nayo huhesabiwa, kwa hiyo beba kiasi kidogo katika kikopo.

12. Mfuko huo angavu si plastiki? Na plastiki si imepigwa marufuku?

Katazo lililoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 linahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita rambo. Mifuko ya kufungika inayobeba vitu vya kuogea vya msafiri imeachwa nje ya katazo, kwa masharti kwamba ibaki na mwenyewe na isitupwe ovyo. Kwa nguo chafu na viatu tumia mfuko wa kitambaa. Fundi cherehani yeyote atakushonea kwa mabaki ya kitenge.

13. Dawa zangu niziweke wapi?

Mkononi, daima, hata kama una begi jingine chini. Zibaki katika pakiti zake zenye jina, na kama ni za hospitali, beba karatasi ya daktari. Dawa za lazima za maji, pamoja na sindano za insulini, kwa kawaida huruhusiwa kuzidi mililita 100 ukizionyesha mwenyewe kabla ya mashine. Chukua za siku mbili au tatu zaidi ya safari, kwa kuwa ndege huahirishwa. Hili ndilo eneo pekee ambalo neno "labda" nalikubali.

14. Pawabenki inaruhusiwa?

Inaruhusiwa mkononi tu, na ni marufuku kuiweka katika begi la chini, kwa sababu betri za lithiamu zinaweza kushika moto, na moto wa tumboni mwa ndege hakuna wa kuuzima. Mwisho wa kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika. Zaidi ya 160 hairuhusiwi. Kama kifaa kimeandikwa kwa mAh peke yake, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, kwa hiyo iko salama. Ile iliyofutika maandishi yote inaweza kuzuiwa.

Waya mmoja wenye vichwa tofauti unatosha familia nzima, iwapo familia ina subira.

## Zawadi na maagizo

15. Nimeagizwa dagaa. Nitawabebaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na hapa ndipo kilo 7 za mtu wa Kigoma hufia. Hakuna ndugu wa Dar es Salaam anayempokea mtu wa kwetu bila kumtazama mikononi.

Jibu langu la kwanza ni kwamba dagaa wasisafiri nawe. Watangulize kwa basi siku mbili tatu kabla, wakiwa wamefungwa na kuandikwa jina na namba ya mpokeaji, nawe uende mikono mitupu ukazikute shukrani zinakusubiri. Basi haliwaonei dagaa. Ndani ya ndege iliyofungwa, harufu yao huwafikia watu ambao hawajazaliwa karibu na ziwa, na kabati la juu unachangia na wengine.

Ikiwa hapana budi, waende katika begi la chini. Nunua walioanikwa kwenye chanja, usinunue walioanikwa mchangani. Wa mchangani hubeba chembe za mchanga, na mchanga huo unalipiwa mara mbili, kwa muuzaji na kwenye mizani. Waanike tena nyumbani jua la mchana mzima hadi wakivunjwa watoe mlio mkavu. Wafunge kwa karatasi ya kaki tabaka mbili, ambayo hunywa mafuta yanayotoka, kisha waingize katika ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, na mfuniko uzungushiwe gundi ya karatasi. Ndoo usiitoboe wala usiishindilie; dagaa wakivunjika wanafika unga.

Migebuka iliyokaushwa kwa moshi ina kanuni hizo hizo, isipokuwa harufu yake ina nguvu mara dufu na mifupa hutoboa karatasi.

16. Je, mawese na asali?

Vyote viwili ni vimiminika, na swali la 11 linavihusu. Mawese yana hila yake: asubuhi ya baridi huwa yameganda, mtu akajiaminisha kwamba amebeba kitu kigumu, kufika mchana yameyeyuka na kutafuta njia ya kutokea kwenye kizibo. Doa lake ni la rangi ya machungwa na halitoki kwa kufua mara moja, ingawa likipakwa sabuni na kuanikwa juani kwa muda, rangi yake hufifia sana. Mawese yasafiri kwa basi, katika dumu lisilojazwa hadi shingoni.

Anayetokea Tabora ana neema kuliko sisi. Asali yake ya miombo ina tatizo lile lile la kimiminika, lakini michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vikavu, havina harufu, havivuji, na vinakubalika kokote. Mtu wa Kigoma anayetaka zawadi ya mkononi isiyo na kesi na aende Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, akachague kitenge.

17. Nitamkataaje mtu anayeniagiza bila kuvunja undugu?

Mwambie ukweli wa mizani mapema, kabla hajanunua: "Shangazi, nina kilo saba na begi lenyewe limeshakula moja." Watu hukubali namba kuliko udhuru.

Mzigo uliofungwa tayari ambao hukuuona ukifungwa usiupokee kamwe, hata ukitoka kwa mtu mnayesali naye. Uwanjani utaulizwa kama umefungasha mwenyewe, na kilichomo ndani kitakuwa chako wewe, si chake yeye. Mwombe aufungue mbele yako. Akikasirika, tayari umepata jibu.

18. Nitarudi na nini, na kwa nafasi gani?

Kwenda usijaze begi. Acha kilo moja na nusu. Beba pia mfuko mtupu wa kitambaa, mwepesi, uliokunjwa. Karafuu, iliki na mdalasini wa Zanzibar ni vyepesi na vinaingia kokote. Halua ni tamu ila ni nzito. Matumbawe, kombe na magamba ya kasa yaache baharini. Ni makosa kuyachukua na wakaguzi wanayajua.

## Hali za pekee

19. Nikisafiri kwa treni au basi, haya yote bado yana maana?

Uzito una maana ndogo, mpangilio una maana kubwa zaidi. Treni ya reli ya kati hutoka Kigoma ikapita Tabora na Dodoma, na ukishuka Dodoma unaweza kuunganisha na treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2024. Safari ni ndefu, kwa hiyo gawa mzigo sehemu mbili: begi kuu lenye kufuli, na kimfuko cha karibu chenye maji, kanga, mswaki, karatasi za chooni, chaja na pesa ndogo. Usiku usilazimike kufungua begi kuu mbele ya behewa zima. Ndani ya basi, begi dogo likae nawe. La kwenye buti lifunikwe, kwa maana vumbi hupenya zipu yoyote.

20. Likizo yangu ni hapa hapa, Gombe au Mahale. Nifungashe nini?

Gombe haifikiki kwa gari, ni boti tu, na mawimbi ya mchana hurusha maji. Begi liwe laini, na vya ndani viwe katika mifuko isiyopitisha maji. Viatu vya kufunika vyenye meno, suruali ndefu, rangi tulivu, barakoa ya kuvaa karibu na sokwe. Kwa Mahale, wanaoruka kwa ndege ndogo hutakiwa kuwa na begi laini, aghalabu lisilozidi kilo 15, mzigo wa mkononi ukiwa umo ndani ya hesabu hiyo.

21. Nina mtoto mchanga.

Maziwa na uji wake kwa safari hiyo huruhusiwa kuzidi mililita 100, ila vitaje kwenye ukaguzi. Nepi za safari pamoja na mbili tatu za akiba. Nyingine nunua ufikako. Cheti cha kuzaliwa kikae pamoja na kitambulisho chako, si begini.

22. Nimefika kaunta na mizani imezidi. Nifanyeje?

Usibishane. Sogea pembeni, uwaachie wengine nafasi, na ufungue. Sweta livae, kitabu na chaja vihamie kwenye mkoba wa chini ya kiti ikiwa nao hauzidi, na kilichobaki mpe aliyekusindikiza. Ndiyo sababu msindikizaji asiondoke hadi umepata pasi ya kupandia ndege.

Mimi mwenyewe niliwahi kufikisha kilo 9 na gramu 400, kwa ajili ya vitenge sita vya wifi yangu. Nilivaa viwili kiunoni, kimoja begani, na vile vitatu vingine vikarudi nyumbani na shemeji. Abiria mwenzangu mzee aliniuliza kwa upole kama natoka msibani.

Kama ziada ni kubwa, lipia iende chini. Ni nafuu kuliko kuacha vitu uwanjani.

23. Begi ni halali, lakini mlangoni mwa ndege wananiambia kabati zimejaa na litakwenda chini. Nina haki ya kukataa?

Kwa kawaida huna, na katika ndege ndogo hutokea mara nyingi. Unachoweza kufanya ni kuomba nusu dakika ya kutoa vitu ambavyo havipaswi kuachana nawe: pawabenki, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 14, dawa, hati, pesa, simu na kompyuta. Kwa sababu hiyo hiyo mimi huviweka vyote katika kimfuko kimoja chenye zipu, juu kabisa ya begi, ili niking'oe kwa mkono mmoja huku mwingine ukipokea kile kikaratasi cha mzigo.